Ukuta Ulibomoka, Haukubomolewa

Basi ngoja niwape stori ya neno moja tu la Kiingereza lililokaribia kumkosesha mtu hela yake ya bima, na mkosaji ni mimi mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Kuna mzee aliniomba nimtafsirie maelezo yake ya kwenda kwa watu wa bima, maana fomu zao na meili zao zote ni Kizungu na yeye kaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu, kurasa mbili na nusu, kila kitu kimepangwa mpaka saa. Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: "Ukuta wa nyuma ulibomoka usiku, mvua ikiwa bado inanyesha, ukaangukia stoo." Mimi na haraka zangu, nikaona bomoka, kichwani ikaja "demolish", si ndiyo tuliyokariri, nikaandika "the back wall was demolished", nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Kama wiki hivi mzee ananipigia.

"Mwanangu, hawa watu wamenipigia wanauliza jina la fundi."

"Fundi gani tena mzee?"

"Fundi aliyebomoa. Na kibali cha kubomoa wanakitaka, na tarehe kazi ilipoanza. Sasa mimi nibomoe nyumba yangu mwenyewe saa nane za usiku kwenye mvua, nimerogwa?"

Aisee. Nikaifungua ile meili nikaisoma upya kwa macho ya mtu asiyemjua mzee wala hajaiona ile mvua, na kweli, ile sentensi ilikuwa inasema watu walikuja na nyundo na mpango wao wakauangusha ukuta kwa makusudi. Mtu wa bima hakukosea chochote. Ukisoma "demolished" lazima uulize nani, kwa ruhusa ya nani, kwa sababu lile neno lina bosi ndani yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuyachunguza haya maneno ya Kiingereza ya kuharibu, na nina nadharia yangu ndogo ambayo walimu wa lugha wanaweza kuipinga wakipenda. Kiswahili tunaficha siri kwenye mkia wa kitenzi, Kiingereza wanaificha kwenye shina. Sisi tuna bomoa, halafu tukibadilisha mkia tu tunapata bomoka, hapo hamna wa kulaumiwa, kitu kimejiangukia, na bomolewa, hapo kuna mtu, hata kama hatumtaji. Vunja, vunjika, vunjwa. Haribu, haribika, haribiwa. Mtoto mdogo kabisa anaujua huo mchezo, ukimkuta na glasi iko vipande chini hakwambii "nimevunja", anakwambia "imevunjika", kesi imeisha. Mwingereza hana huo mkia, kwa hiyo inabidi achague neno jingine kabisa. Mzee alipoandika bomoka, Kiingereza chake ni "collapse", na "collapse" na "demolish" hata hawafanani sura, ukiwa na haraka kama mimi huwezi kudhani kwamba ni kitenzi kimoja upande wetu.

Na kuna kitu nilikigundua baadaye kikanifurahisha sana. Kwenye Kiingereza kuna vitenzi vya kuharibu vinavyokubali kusimama bila mtendaji na vingine vinakataa katakata. Unaweza kusema glasi "broke", dirisha "shattered", keki "crumbled", vyote vimejifanyia vyenyewe. Lakini jaribu kusema "the house destroyed" halafu ukaishia hapo, msikilizaji atakuwa anasubiri, destroyed nini? Nyumba imeharibu nini? "Destroy", "demolish", "annihilate", hizo haziwezi kujitokea hivihivi, lazima awepo mharibifu, hata kama ni moto au upepo. Yaani "break" ina uwezo wa kuwa vunja na vunjika kwa umbo lile lile, "destroy" haina. Nilisoma Kiingereza miaka mingi na sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia hilo, tulikuwa tunapewa orodha ya maneno kumi na mbele ya yote kumi imeandikwa haribu.

Mfano mzuri wa "demolish" na "collapse" upo Marekani, na uzuri wake ni kwamba yote mawili yako jimbo moja, Washington. Tarehe 7 Novemba 1940 daraja la Tacoma Narrows lilianguka majini. Lilikuwa limefunguliwa Julai mwaka huo huo, halijamaliza hata miezi mitano, na tangu mwanzo lilikuwa linacheza cheza kwenye upepo mpaka watu wakalipa jina la utani, Galloping Gertie, yaani Gertie anayekimbia kama farasi. Siku hiyo upepo haukuwa hata wa kimbunga, ni kama kilometa 64 kwa saa, ila daraja likaanza kujipinda, upande huu juu upande ule chini, kama mtu anakamua nguo, mpaka likakatika. Binadamu hakufa hata mmoja. Alikufa mbwa aliyekuwa ndani ya gari lililoachwa katikati ya daraja, na kuna profesa alijaribu kwenda kumtoa, mbwa kwa hofu akamng'ata, jamaa akarudi. Hiyo ndiyo "collapse". Sasa njoo mwaka 2000, tarehe 26 Machi, mji jirani, Seattle, kulikuwa na uwanja mkubwa wa michezo wenye paa la zege, Kingdome. Wataalamu wakatoboa matundu kwenye nguzo, wakapanga vilipuzi kwa hesabu, watu wakasimama mbali na kamera zao, wakahesabu kurudi nyuma, na kwa muda usiofika sekunde 20 jengo zima likakaa chini. Hiyo ndiyo "demolish". Mwisho wa siku yote mawili ni kifusi, ukionyeshwa picha za kifusi peke yake huwezi kujua kipi ni kipi, ila hakuna Mzungu anayeweza kusema lile daraja lilikuwa "demolished". Kumbe mimi ndicho nilichomfanyia mzee, daraja lake nimeligeuza uwanja.

Nikachimba asili ya hayo maneno, maana mimi nikishapata aibu lazima nipate na elimu yake. "Destroy" imetoka kwenye Kilatini cha kujenga, struere, ile ile iliyozaa "structure", halafu mbele wakapachika de- ya kugeuza. Maana yake halisi ni kujengua, kama tungekuwa tunalisema hilo neno. Na sisi huo ufundi tunao tena mwingi, tunapanga halafu tunapangua, tunaezeka paa halafu upepo unaliezua, tunakunja tunakunjua, tunatega tunategua. "Demolish" nayo ni vile vile, de- ikifuatwa na kitenzi cha kujenga kitu kizito kwa kuhangaika nacho, na ndani yake kuna neno moles, yaani tungamo, dude kubwa, ambalo wanasayansi walikuja kulipunguza wakapata molekuli. Kwa hiyo yote mawili yanakubali kwamba kabla ya kuharibu kuna aliyejenga. Huwezi "demolish" mlima, haukujengwa na mtu.

Halafu kuna "raze", hii nayo ina vituko vyake. Ni kufuta jengo mpaka ardhi ibaki tambarare, na asili yake ni kukwangua, ndugu yake wa damu ni "razor", wembe. Yaani mji umenyolewa. Sasa kasheshe ni kwamba inatamkwa sawasawa kabisa na "raise", kuinua. Mtu akikwambia kwa simu kwamba wamefanya "raze" ghorofa tatu, hujui uende na pole au na hongera.

Swali ambalo naliona linasaidia kuliko kamusi ni hili: baada ya tukio, kimebaki nini? Chukua shati. Umelimwagia wino, Mwingereza atasema ume-"ruin" shati lake. Shati lipo, ukilivuta halichaniki, vifungo vyote vipo, ila halivaliki tena mbele za watu. Ukilichoma moto likawa majivu, hapo ume-"destroy". Ukisema "destroy" kwa lile la wino, watu wataona unakuza mambo, na ukisema "ruin" kwa lile la majivu wataona unafanya utani. Sisi tungesema umeniharibia shati kwa yote mawili, halafu tungemalizia kwa sauti na kwa mikono. Ndiyo maana pia wana "you ruined my day", siku umeniharibia, ila ilifika jioni kama siku nyingine, siku haijafutwa kwenye kalenda.

Tena "ruin" yenyewe kwa asili ni kuanguka, Kilatini ruere, kuporomoka. Kwa maneno mengine miaka elfu mbili iliyopita neno la ukuta wa mzee lingekuwa hilohilo! Baadaye ndipo likahamia kwenye kile kinachobaki baada ya kuporomoka, magofu. Na sisi tusicheke, haribu yetu imetoka Uarabuni, na kule kharaba ni gofu, kwa hiyo kila ukimwambia mtoto "usiharibu" unamwambia asigeuze kitu kuwa gofu.

"Wreck" ni habari za bahari. Mwanzoni ilikuwa inahusu vitu vinavyotupwa ufukweni baada ya meli kuvunjika, na mpaka leo ina harufu ya mabaki, umbo bado linaonekana, mifupa ipo. Gari lililogonga mti ni "wreck", utalijua kuwa lilikuwa gari. Mtu ambaye hajalala siku tatu kwa mawazo naye anajiita "a wreck", na hapo naona wamepatia kweli, maana anakuwa yupo lakini unaona mbavu za meli.

"Spoil" nayo inatoka kwenye ngozi, spolium, ngozi iliyochunwa kwa mnyama, ikahamia kwenye silaha na nguo anazovuliwa adui aliyeuawa vitani, ikawa nyara, ikaishia kwenye maziwa yaliyochacha, mtoto anayedekezwa na jamaa anayekwambia mwisho wa muvi kabla hujaiangalia. Safari ndefu kwa neno moja. Sisi kwa mtoto tunasema kadekezwa, lakini pia tunasema kaharibika, na huyo wa pili ni kesi nyingine kabisa, usichanganye mbele ya mama yake.

Yale ya polepole mimi ndiyo nayapenda kuliko yote. "Erode" na "corrode" yanatokana na rodere, kuguguna, kitenzi kile kile kilichozaa "rodent", yaani panya na jamaa zake. Maji yanaguguna ukingo wa mto, kutu inaguguna chuma. Na sisi tunasema nini? Kutu imekula bati. Mchwa wamekula mlango. Chumvi imekula nondo. Hatukuambizana na Warumi, ila wote tuliangalia chuma kikiisha tukaona meno. Kwa udongo tuna momonyoka, na hilo neno ukilitamka taratibu unasikia kabisa tonge la udongo linaachia ukingo linadondoka kwenye maji, mo-mo-nyo, Kiingereza hapo wakae pembeni.

Sasa "decimate". Hili ni la ugomvi. Kwenye jeshi la Kirumi kikosi kikifanya uoga mkubwa, wanagawanywa makundi ya watu kumi kumi, inapigwa kura, na mmoja katika kila kumi anauawa, na wanaomuua ni wenzake tisa, kwa virungu. Mwaka 71 KK, kwenye vita dhidi ya Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, jemadari Crassus aliifufua hiyo adhabu iliyokuwa imeshaachwa, na Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaandika kwamba aliwachukua 500 waliotangulia kukimbia, akawagawa makundi 50, kila kundi likatoa mmoja. Kwa hiyo "decimate" ya asili ni asilimia kumi kamili, haizidi haipungui. Leo Mwingereza akisema ugonjwa ume-"decimate" mifugo anamaanisha wamekufa wengi mno, karibu waishe, na kuna watu wao kazi yao ni kuwasahihisha wengine kwamba hapana, lazima iwe kumi. Mimi nasema waache watu. Ushuru kwa asili ya Kiarabu ni fungu la kumi, mbona hamna anayekataa kulipa kwa sababu kiwango si kumi? Maneno yanahama. Ila nakiri, nikisoma mtu kaandika "decimated by 50 percent" kitu fulani kinanikwaruza, siwezi kudanganya.

"Obliterate" ni la waandishi, ob na littera, herufi, kufuta maandishi yasisomeke tena. Sisi tuna futilia mbali, tumekutana njiani bila kujuana. "Annihilate" ndiyo ya mwisho kabisa kwa ukali, ndani yake kuna nihil, si kitu, yaani kukifanya kitu kiwe si kitu. Kinachochekesha ni kwamba wanafizikia walilichukua hilo neno kwa tukio ambalo kuna kitu kinabaki. Elektroni ikikutana na pacha wake wa kinyume, positroni, zote mbili zinatoweka, na mahali pake inatoka mionzi miwili inayokimbia pande tofauti, kila mmoja una nishati ya kiloelektroni-volti 511. Mashine za hospitali zinazoitwa PET zinafanya kazi kwa hiyo kanuni, mgonjwa anachomwa dawa inayotoa positroni, zinakutana na elektroni za mwili wake, mashine iliyomzunguka inadaka hiyo mionzi inapotoka huku na huku, na kwa kufuatisha mistari inachora sehemu ambayo dawa imejikusanya, inaweza kuwa uvimbe. Kwa hiyo neno lenye maana ya kufanya si kitu ndilo linalotusaidia kuona kitu. Nimeliwaza hilo jioni nzima.

Na kuna maneno yamebeba jina la mtu au watu, hayo uyaogope kidogo. Wavandali, watu wa kabila moja la kale la Kijerumani, waliingia Roma mwaka 455 wakapora kwa siku 14. Waporaji walikuwa, sikatai, ila walikuwa wanabeba, si watu wa kuvunja kioo halafu wakaondoka wakicheka. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu ikapita, ndipo Mfaransa mmoja, kasisi Grégoire, mwaka 1794 katikati ya mapinduzi yao, akaona watu wanavyovunja sanamu na kuchoma vitabu, akalibuni neno vandalisme, na Wavandali ambao hawakuwepo tena kujitetea wakabebeshwa kila kibanda cha simu kilichovunjwa. "Sabotage" nayo watu wanapenda kusema wafanyakazi walikuwa wanatupa viatu vya mbao, sabot, kwenye mashine ili zikwame. Stori tamu, ila ni ya kubuni. Saboter kwa Kifaransa ilikuwa kutembea kwa kelele na hivyo viatu, na kutoka hapo ikawa kulipua kazi, kufanya ovyo. Kumbe sabotaji ya kwanza ni ile tunayoifahamu wote, fundi anayepaka rangi bila kusugua ukuta.

"Devastate" sitaisema sana. Asili yake ni kuacha patupu, na siku hizi inatumika zaidi kwa mioyo. Mtu kafiwa, anaandika "devastated". Ukimtafsiria "nimeharibiwa" umemtukana. Andika nimevunjika moyo, au andika tu sina la kusema.

Turudi kwa mzee. Nilirekebisha, nikaandika "collapsed", nikaongeza na maelezo kwamba kosa la kwanza ni la mtafsiri, nikaweka na jina langu ili wasimsumbue tena. Wakatuma mtu, akapiga picha, akapima, akaandika ripoti yake. Majibu yalipokuja mzee akanitumia picha ya barua kwa simu nimsomee. Ukuta watalipa. Kwenye stoo kulikuwa na jenereta yake, ukuta uliiangukia, na hiyo walikuwa wameiandikia "total loss".

"Hiyo ndiyo nini?"

Nikamwelezea kwamba hilo ni neno la bima, haliangalii umbo, linaangalia hesabu. Gharama ya kuitengeneza imezidi thamani yake, kwa hiyo wao wanaihesabu imekwisha, hata kama inaonekana nzima. Wamarekani wana kitenzi chake kabisa, wanasema gari limekuwa "totaled", na linaweza kuwa gari linalong'aa ambalo limelowa maji ya mafuriko tu.

"Kwa hiyo imekufa."

"Kwa karatasi imekufa, mzee."

"Ngoja."

Nikasikia anaiweka simu juu ya kitu, hatua zake zinaondoka, kimya, halafu kamba inavutwa mara moja, mara mbili, na mara ya tatu jenereta ikaanza kuunguruma mpaka sikusikia tena alichokuwa anasema.